UCHAMBUZI: Sajili zinapounganishwa, nani huamua raia ni nani?

KIJANA wa Garissa aliyetimiza umri wa miaka 18 huenda katika ofisi ya usajili wa watu akiwa na matumaini yale yale ya kila Mkenya wa rika lake. Mkononi ana cheti cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wake na barua ya chifu. Alama za vidole vyake vyote kumi huchukuliwa, kisha huambiwa aende nyumbani asubiri.

Wiki hupita, miezi hupita. Anaporudi kuulizia, huelezwa kwamba hawezi kupewa kitambulisho kwa sababu alama zake zimepatikana katika sajili ya wakimbizi. Machoni pa kompyuta, yeye si Mkenya.

Kijana huyu ni wa mfano, lakini mkasa wake si wa kubuni. Maelfu ya raia wa eneo la Kaskazini Mashariki wameupitia, na wengine wamezeeka nao.

Swali ambalo uchambuzi huu unanuia kulijibu ni jepesi kuuliza: Ni nani aliyeamua kwamba kijana huyo si Mkenya? Karani atasema ni mfumo. Fundi wa mfumo atasema ni kanuni alizopewa. Chifu, aliyemjua tangu utotoni, hakuulizwa lolote.

Nayo Katiba yetu haisemi hivyo hata kidogo. Kifungu cha 16 kinaeleza kwamba Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake hata akipata uraia wa nchi nyingine. Ikiwa pasipoti ya ng'ambo haimvui mtu Ukenya, sembuse kadi ya mgao wa unga na mafuta?

Ukweli ni kwamba uamuzi huo hukaa mahali ambapo wananchi wengi, na hata wabunge wengi, hawajawahi kupachungulia. Hukaa katika kiungo kinachounganisha sajili moja na nyingine. Ni vyema basi tukifungue kiungo hicho tuone kilivyoundwa, maadamu mustakabali wa usajili wa Wakenya unakitegemea.

DRAIVA NI NINI?

Katika fani ya kompyuta kuna programu zinazoitwa programu za kusimamia utambulisho. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu mmoja anatambuliwa kwa namna moja katika mifumo yote ya shirika au serikali, badala ya kila idara kuwa na daftari lake na kila daftari kusema lake.

Mojawapo ya programu hizo zilizoenea ulimwenguni ilitolewa na kampuni ya Novell ya Marekani karibu mwaka 2000 kwa jina la DirXML, kisha ikaja kuitwa Identity Manager. Novell ilinunuliwa mwaka 2011. Baada ya kupita mikononi mwa kampuni kadhaa, programu hiyo sasa ni mali ya OpenText ya Canada, iliyoinunua kampuni ya Micro Focus mwaka 2023.

Tutaitumia programu hii kama mfano wa kufundishia, kwa sababu mantiki yake ndiyo mantiki ya kila mfumo unaounganisha sajili, uwe wa benki, wa chuo kikuu au wa taifa zima.

Katikati yake kuna hazina ya utambulisho, yaani sajili kuu. Kuizunguka kuna mifumo mingine: wa idara ya wafanyakazi, wa mishahara, wa baruapepe, hata ule unaofungua milango ya ofisi kwa kadi. Kila mfumo huunganishwa na hazina kwa kiungo ambacho wataalamu hukiita draiva.

Msomaji asiichanganye draiva hii na dereva wa matatu, ingawa maneno hayo mawili yana asili moja na kazi zake zinashabihiana. Dereva husafirisha abiria kutoka kituo hadi kituo. Draiva husafirisha habari za watu kutoka sajili hadi sajili.

Draiva ina njia mbili. Njia ya kwanza huyatoa mabadiliko katika hazina na kuyapeleka katika mfumo uliounganishwa. Njia ya pili huyaleta mabadiliko ya mfumo huo katika hazina. Mwajiriwa mpya anapoandikwa na idara ya wafanyakazi, habari zake huingia hazinani kwa njia ya pili ya draiva ya idara hiyo, kisha zikatoka kwa njia ya kwanza ya draiva nyingine kwenda kumfungulia sanduku la baruapepe. Hakuna anayepiga simu, wala anayejaza fomu mara ya pili.

Yote haya ni mazuri. Lakini kabla ya draiva kuanza kazi, lazima mtu aketi aisanidi, yaani aipangie masharti ya kufanyia kazi. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mtu huyo hudhani anajibu maswali ya kiufundi, kumbe anajibu maswali ya utawala.

NANI WA KUAMINIWA?

Swali la kwanza ni hili: Sajili mbili zikitofautiana, ipi iaminiwe?

Katika programu tuliyoitaja, swali hili hujibiwa kwa kitu kinachoitwa kichujio. Fundi huorodhesha kila kipengele cha habari za mtu, kama vile jina, cheo, idara na nambari ya simu. Mbele ya kila kipengele huchagua iwapo kitaoanishwa au kitapuuzwa, na upande gani utakuwa na mamlaka pindi pande mbili zikikinzana.

Mtaalamu makini hatoi jibu moja kwa vipengele vyote. Kuhusu cheo cha mfanyakazi, idara ya wafanyakazi ndiyo yenye kauli. Kuhusu anwani ya baruapepe, mfumo wa baruapepe ndio unaojua. Mamlaka hugawanywa kulingana na ni nani aliye karibu zaidi na ukweli wa jambo lenyewe.

Sisi wa meza ya uhariri twalielewa jambo hili bila ya kufunzwa kompyuta. Waandishi wawili wanapoleta taarifa za ajali moja, huyu akiandika wafu sita na yule tisa, gazeti haliwezi kuchapisha zote mbili. Mhariri msanifu huuliza nani alifika katika eneo la mkasa, nani alizungumza na hospitali, nani alisimuliwa tu njiani. Kisha huchagua, na kesho yake akilaumiwa anajulikana ni nani wa kulaumiwa.

Tofauti ya mhariri na draiva ni hiyo ya mwisho. Draiva huchagua maelfu ya mara kwa siku, na hakuna anayeulizwa.

MTU MMOJA AU WAWILI?

Swali la pili ni la ulinganishi: Draiva itajuaje kwamba mtu wa sajili hii ndiye yule yule wa sajili ile?

Kanuni ya ulinganishi hutaja vigezo. Pengine ni nambari ya kazi, pengine ni jina pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Draiva ikimpata mmoja anayelingana, humfunga na mwenzake kwa uhusiano wa kudumu, na tangu hapo kila linalompata huyu humpata yule. Isipompata yeyote, hufuata kanuni za kuunda rekodi mpya. Ikiwapata wawili au zaidi, programu hii haibahatishi. Hukataa kuwaunganisha, huandika kosa katika kumbukumbu zake na kumwachia binadamu kazi ya kuamua.

Msomaji alizingatie hilo la mwisho. Waliobuni programu ya kusimamia barua na mishahara ya ofisini waliona kwamba penye shaka, mashine inyamaze na mtu aitwe.

Katika nchi yetu kigezo cha jina ni mtego. Jina moja la Pwani huandikwa Mohamed katika cheti cha kuzaliwa, Muhammad shuleni na Mohammed kazini. Athumani wa babu ni Othman wa mjukuu. Wako waliozaliwa nyumbani, mbali na hospitali, na tarehe zao zilikisiwa na karani kwa kukumbuka mwaka wa ukame au wa mafuriko.

Fundi anayelegeza kigezo ili awapate wote huwaunganisha watu wawili kuwa mmoja. Anayekaza kigezo kupita kiasi humgawa mtu mmoja kuwa wawili. Makosa haya mawili hayana uzito sawa kila mahali. Katika orodha ya mishahara, mmoja kuwa wawili huzaa mfanyakazi hewa. Katika sajili ya hospitali, wawili kuwa mmoja huweza kuua.

WASIOTIMIZA MASHARTI, NA WANAOFUTWA

Swali la tatu: Asiyekuwa na habari kamili afanywe nini? Kanuni ya uundaji huiwezesha draiva kumkataa yeyote asiye na kipengele fulani, tuseme jina la ukoo. Kukataliwa huko hakuna kelele. Mtu huyo hapokei barua, wala mlango haufungwi usoni pake. Ni kwamba tu haonekani upande wa pili.

Swali la nne ni zito zaidi: Mtu akifutwa katika sajili moja, afutwe pia katika nyingine? Ikiwa fundi ameruhusu ufutaji upite ulivyo, karani mmoja akibofya kimakosa katika idara ya wafanyakazi, mtu hupoteza barua zake, faili zake na haki zake za kuingia katika mifumo yote. Ndiyo maana wataalamu waliokomaa huandika kanuni inayogeuza amri ya kufuta iwe amri ya kusimamisha. Rekodi hubaki imelala, na mwenyewe akilalamika huamshwa.

Baina ya kufuta na kusimamisha pana mistari michache tu ya maagizo ya kompyuta. Kwa anayehusika, pana umbali wa mbingu na ardhi.

Swali la tano linahusu siku ya kuiwasha draiva. Programu hii ina chombo cha kuzifanyia kanuni majaribio kabla hazijapelekwa katika mitambo halisi. Draiva iliyosimamishwa tu huendelea kuwekewa mabadiliko katika foleni, na ikiwashwa huyashughulikia. Iliyozimwa kabisa haiwekewi foleni, na yaliyotokea wakati imelala huipita, mpaka sajili zioanishwe upya. Asiyejua tofauti hiyo huweza kudhani sajili zake mbili zinakubaliana ilhali zimekwishaachana.

Haya ndiyo maswali matano. Hakuna hata moja ambalo jibu lake limo ndani ya kompyuta.

KUTOKA OFISINI HADI TAIFA

Sasa tuyatoe maswali hayo katika ofisi ya watu mia tano, tuyapeleke katika taifa la watu zaidi ya milioni 50.

Kenya imekuwa ikiziunganisha sajili zake kwa muda mrefu. Mfumo wa IPRS huzikusanya pamoja habari za vizazi, vifo, vitambulisho, pasipoti na wageni, na ndio ambao benki na kampuni za simu hutegemea kuthibitisha kwamba mteja ni yule anayedai kuwa.

Mwaka 2019 serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilianzisha usajili wa Huduma Namba, na watu zaidi ya milioni 37 wakajitokeza. Mnamo Januari 30, 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliruhusu mfumo huo uendelee kwa sharti kwamba pawepo kanuni kamili za kuusimamia. Walipiga marufuku ukusanyaji wa chembechembe za DNA na wa viwianishi vya makazi ya watu. Aidha, walikiri kwamba kuna sehemu ya wananchi iliyo katika hatari ya kuachwa nje.

Oktoba 14, 2021 Jaji Jairus Ngaah aliubatilisha uamuzi wa kutoa kadi za Huduma. Sababu yake ilikuwa kwamba serikali haikufanya kwanza tathmini ya athari inayotakiwa na Kifungu cha 31 cha Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Serikali ya Rais William Ruto iliachana na Huduma Namba na mwaka 2023 ikaja na Maisha Namba, ambayo mtu hupewa azaliwapo na kubaki nayo hadi afapo. Mahakama iliusimamisha mpango huo kwa muda mara mbili, Desemba 2023 na Julai 2024, na mara zote mbili maagizo hayo yakaja kuondolewa. Nguzo mojawapo ya mpango huo ni sajili kuu ya watu wote, itakayolishwa na sajili nyingine zote.

Kwa lugha ya tuliyoyaeleza, hiyo ni hazina moja yenye draiva nyingi. Mjadala wa umma umehusu kadi, nambari na gharama. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza kuhusu draiva.

FUNZO LA GARISSA

Na hapo ndipo tunaporudi kwa kijana wetu.

Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 baada ya serikali ya Somalia kuporomoka. Ukame ulipowapiga wafugaji wa Kenya walioishi jirani na kambi, mifugo yao ikaangamia, familia nyingi ziliona kwamba ndani ya kambi kulikuwa na chakula, zahanati na shule, na nje yake hamkuwa na kitu. Njaa haina ustaarabu. Wazazi waliwapeleka watoto wao wakaandikishwa kama wakimbizi ili wale.

Mtoto aliyeshikwa mkono na mama yake kwenda kuandikishwa hakuukana uraia wake. Hakuwa hata na umri wa kuujua. Lakini alama za vidole vyake ziliingia katika sajili, na sajili haisahau wala haielewi njaa.

Miaka ilipopita, sajili ya wakimbizi ikawa inalinganishwa na maombi ya vitambulisho. Tukiyatumia yale maswali yetu matano, tunaona wazi palipoharibika.

Swali la ulinganishi lilijibiwa vyema. Vidole ni vile vile, na mtu ni yule yule. Katika hilo mashine haikukosea.

Kosa liko katika swali la kwanza, la nani wa kuaminiwa. Sajili ya wakimbizi ilikusudiwa kujua nani apewe mgao, nayo kuhusu mgao ilikuwa na kauli. Kuhusu uraia, mashahidi wa karibu zaidi ni cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi, na wazee wa kijiji. Lakini kiungo kiliipa sajili ya chakula mamlaka juu ya uraia. Ni sawa na kumwamini mwandishi aliyesimuliwa njiani na kumkataa aliyefika katika eneo la ajali.

Likakosewa pia swali la nne. Penye shaka ya ulinganishi, programu ya ofisini ingekataa kuendelea na kumwachia binadamu aamue. Hapa mgongano wenyewe umefanywa kuwa hukumu, na mzigo wa kujitetea akatwikwa aliyehukumiwa.

Matokeo yake yanajulikana. Asiye na kitambulisho hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, hasajili laini ya simu kwa jina lake, wala haombi mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Akisafiri, kila kizuizi cha polisi ni mtihani. Huishi katika nchi yake kwa hisani ya wengine.

Serikali imepata kuunda kamati za kuwasikiliza baadhi ya watu hawa, na kuna waliosafishwa na kupewa vitambulisho. Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa usaili wa ziada ambao kwa miongo mingi ulifanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani waliotaka vitambulisho.

Ni hatua ya kupongezwa, kwani usaili ule ulikuwa ubaguzi mtupu. Hata hivyo, tusijidanganye. Kuwaondoa wazee katika meza ya usaili hakubadilishi kanuni iliyo ndani ya kiungo cha sajili. Anayetuhumiwa na kamati anaweza kuikabili kamati ana kwa ana. Anayetuhumiwa na draiva atamkabili nani?

HOJA YA SERIKALI

Itakuwa si haki kuufunga uchambuzi huu bila ya kuisikiliza hoja ya upande wa pili.

Nchi hii imeonja uchungu wa ugaidi, Westgate mwaka 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka 2015, ambako watu 148 waliuawa. Dola ina wajibu wa kujua ni nani anayepewa kitambulisho chake. Aidha, vitambulisho vimewahi kuuzwa na maafisa wala rushwa kwa wasiostahili, na orodha za mishahara zimewahi kubeba majina ya marehemu. Sajili zisizozungumza ni bustani ya walaghai.

Tunaikubali hoja hiyo yote. Anayeyaandika haya hapingi kuunganishwa kwa sajili. Mjane anayezungushwa ofisi saba akitafuta mafao ya marehemu mumewe, kwa sababu sajili ya vifo na sajili ya pensheni hazijuani, angekuwa wa kwanza kuunga mkono.

Lakini usalama hauimarishwi kwa kumnyima raia kitambulisho. Mtu asiyeandikwa popote ndiye asiyeonekana na dola. Ikiwa nia ni kuwajua walio nchini, basi kumwacha kijana wa miaka 18 akielea baina ya sajili mbili, si mkimbizi wa kweli wala si raia wa karatasi, ni kuishinda nia hiyo kwa mikono yetu wenyewe.

SHERIA IPO

La kutia moyo ni kwamba hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata pasipoti na hati za usajili. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kurekebishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu. Kifungu cha 47 kinadai hatua za kiutawala ziwe za haki, na mtu anayeathiriwa apewe sababu kwa maandishi.

Sheria ya Kulinda Data nayo, katika kifungu chake cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito linalomhusu na mashine peke yake. Ikiwa kuna uamuzi mzito kuliko ule wa mtu kuwa raia au kutokuwa, mwandishi wa makala haya hajausikia.

Basi kilichobaki ni utekelezaji, nao unaweza kuanzia katika mambo manne.

Kwanza, kabla ya sajili yoyote kuunganishwa na sajili kuu, majibu ya yale maswali matano yaandikwe kwa lugha inayoeleweka, yatiwe saini na afisa anayewajibika, na yachapishwe. Hakuna siri ya usalama itakayofichuka kwa kueleza ni sajili ipi yenye kauli kuhusu jambo gani. Fundi aachiwe kuandika maagizo ya kompyuta. Uamuzi wa nani aaminiwe uwe wa wenye dhamana.

Pili, mgongano wa sajili uwe mwanzo wa uchunguzi, usiwe mwisho wake. Mwombaji apewe barua inayotaja sajili iliyomkinza, na siku maalumu ambayo kesi yake lazima iwe imeamuliwa na binadamu mwenye jina na cheo.

Tatu, pasiwe na ufutaji wa moja kwa moja. Rekodi ya mtu isimamishwe kwanza, mwenyewe aarifiwe, na njia ya kuirejesha iwe nyepesi kama ilivyokuwa njia ya kuisimamisha.

Nne, kila kiungo kifanyiwe majaribio kwa kutumia watu wa aina zote kabla ya kuwashwa. Awemo Mohamed mwenye majina ya tahajia tatu, mzee asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa, mwanamke aliyebadilisha jina alipoolewa, na mtoto aliyeandikishwa kambini mwaka wa njaa. Mfumo unaowashinda hao haujawa tayari kwa Kenya, hata ukiwa umewafaa watu wa mahali pengine.

Wahenga walisema kwamba mkataa kwao ni mtumwa. Kijana wa Garissa hajakataa kwao. Amekwenda hapo kwao, ametoa vidole vyake vyote kumi na kuomba atambuliwe, akaambiwa mashine imemkataa.

Tuwe wakweli. Mashine haimkatai mtu. Kuna aliyeipa kanuni, na kuna aliye juu yake ambaye hakuuliza kanuni hiyo inasemaje. Hao ndio wanaomdai kijana huyu jibu, kabla Maisha Namba haijaunganishwa na sajili ya mwisho na maisha ya wengine wengi kukwama katika kiungo kimoja kilichosanidiwa vibaya.